Kopo la Udongo la Mama Samir

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika duka la dawa za mifugo la Badria, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, haanzi kwa kumwona mwenye duka. Huanza kwa kuona kopo. Ni kopo kuukuu la maziwa ya unga, limebanduliwa karatasi yake, limekaa juu ya kaunta kati ya mizani na kikokotoo, na ndani yake mna udongo mkavu uliochekechwa ukawa laini kama unga. Wateja wengi hudhani ni dawa ya viroboto. Wapo waliouliza bei.

Ndipo mtu humwona mwenyewe nyuma ya kopo: mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mtu wa ukoo wa Kiarabu uliokaa Dar es Salaam tangu enzi za babu wa babu, baibui lake limekunjwa mikono hadi viwikoni kama anayekaribia kuosha masufuria. Majirani humwita Mama Samir, kwa jina la mwanawe aliyeko Maskati. Huongea taratibu, na akikasirika huongea taratibu zaidi.

Kwao Badria, mbwa mkavu hana neno. Akikupitia ubavuni na manyoya yake makavu, wewe endelea na safari yako. Shida ni mate yake. Mate ya mbwa yakikugusa, unaosha mahali hapo mara saba, na mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Ndivyo alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa na jino la utoto, na ndivyo alivyoishi. Kwa miaka yote aliyouza dawa za minyoo, za kupe na za ukurutu wa mbwa, alikuwa hajawahi kumshika mbwa hata mmoja. Kopo lenyewe zamani lilikaa chooni, nyuma ya mlango. Lilihamia kaunta mwaka jana, na lilihamishwa na hasira.

Siku hiyo alikuja Jovitha, msusi mwenye saluni yake Magomeni, amembeba mbwa mdogo mwenye masikio marefu na manyoya ya kujikunja, rangi ya chai ya maziwa. Alimweka juu ya kaunta bila kuomba ruhusa. Alisema huyu anaitwa Biskuti, alikuwa mzima, sasa hivi anajigonga kwenye meza na milango, na aliyempofusha ni dawa ya minyoo iliyouzwa hapa. Nyuma yake, mlangoni, alisimama kijana mtanashati mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Huyo aliitwa Aristides. Ndiye aliyempa Jovitha Biskuti na kuwauza ndugu zake, na ndiye aliyemwambia Jovitha kwamba kosa ni la dawa.

Badria alinyoosha mkono apokee pakiti ya dawa aione. Biskuti, ambaye hakuona mkono bali alisikia harufu yake, aliulamba kuanzia kiganja hadi kwenye bangili.

Badria aliruka nyuma, akaangusha mizani. Alitoka mbio hadi kwenye bomba la kichochoroni, akarudi kuchukua kopo, akatoka tena, akaanza kuosha: maji na udongo, kisha maji, kisha maji, huku akihesabu kwa sauti asije akapoteza idadi. Alipomaliza na kuinua kichwa, alikuta simu ya Aristides imemlenga usoni.

Jioni ile picha hiyo ya video ilikuwa imesambaa kwenye makundi ya wafuga mbwa wa Masaki, Mbezi na Mikocheni. Chini yake Aristides alikuwa ameandika: "Muuza dawa anaosha ushahidi."

Mtu yeyote wa Kariakoo aliyeitazama alielewa mara moja kilichokuwa kinaendelea, na wengine walicheka. Lakini wanunuzi wa dawa za mbwa hawakuwa watu wa Kariakoo. Walikuwa watu wa magari, na wao waliona mwanamke aliyeshtuka, aliyekimbia, na aliyesugua mikono kama mwenye damu. Wakaacha kuja. Kisha hata wafuga kuku wa Gongo la Mboto wakaanza utani. Mmoja aliuliza, akiwa ameshika dawa ya kideri, kama na kuku wake nao watahitaji miwani. Badria alimfungia dawa yake, akamrudishia chenji, akamtakia biashara njema. Usiku hakulala vizuri.

Humoud, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la vyombo mtaa wa pili, alimshauri amwachie Mungu.

"Mungu nimeshamwachia sehemu yake, shemeji," Badria alimjibu. "Mimi nimebaki na yangu."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri baada ya kuswali, kabla hajanywa chai, aliifungua ile picha kwenye simu akaitazama mpaka mwisho. Aliitazama kama wengine wanavyotazama taarifa ya habari. Aliijua mpaka mahali ambapo Aristides, asiyeonekana, anasikika akicheka kidogo puani. Kile kicheko ndicho kilichomtoa nyumbani kila siku.

Aliyemfumbua macho alikuwa Daktari Mgeni, mganga wa mifugo mwenye kliniki yake Ilala, ambaye hununua pamba na sindano kwa Badria. Alikuja, akalitazama kopo juu ya kaunta, akasema naye analo la namna hiyo hiyo, la plastiki, chini ya sinki. Kisha akauliza mbwa wangapi mjini wananyweshwa dawa ile ya minyoo. Badria akasema hawahesabiki. Na waliopofuka ni wangapi? Watatu. Ni wa nani hao watatu?

Hapo Badria aliwahesabu kwa vidole. Wote watatu walikuwa wa tumbo moja. Mama yao alikuwa Kashata, mbwa jike wa Jovitha, spanieli halisi, mbwa wa Kizungu wa masikio marefu. Baba yao alikuwa Baroni, pudo mweupe wa Aristides, wa aina ile ya manyoya ya kujikunja. Aristides alikuwa amempandisha Kashata kwa Baroni, akawauza watoto kwa wateja wa saluni ya Jovitha, akamwachia Jovitha mmoja kama shukrani.

"Hiyo si dawa, Mama Samir," Daktari Mgeni alisema. "Hiyo ni damu. Upo ugonjwa wa macho unaotembea katika spanieli na katika pudo pia. Mbwa anaweza kuubeba bila kuumwa. Akikutana na mwenzake aliye nao, watoto wanaanza kutoona gizani, kisha hata mchana."

Alieleza kwamba upo uchunguzi. Unamfuta mbwa kwa pamba ndani ya shavu, unaipeleka maabara nje ya nchi, unarudishiwa jibu: msafi, mbebaji, au mgonjwa. Aristides hakuwahi kumpima Baroni. Kupima kungempotezea muda, na watoto wa mbwa wenye masikio marefu na nywele za kujikunja hununuliwa hata kabla hawajafumbua macho.

Badria aliegemea rafu za dawa. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, alitabasamu.

Alikwenda Magomeni kesho yake, kopo limo ndani ya mkoba. Jovitha alipomwona mlangoni pa saluni alidhani amekuja kugombana, akawaambia wateja wake watulie. Badria hakugombana. Aliketi kwenye kiti cha kusukia, akaeleza kila alichoambiwa na daktari, kutoka mwanzo hadi mwisho, huku Biskuti akipapasa njia kati ya miguu ya viti na kujigonga kwenye ndoo ya maji. Kila alipojigonga, Jovitha alizidi kuinamisha kichwa. Wale wateja wawili wengine waliopofukiwa na mbwa walikuwa bado wanakuja kusuka hapo hapo, na yeye ndiye aliyewapeleka kwa Aristides.

Badria alimwambia anachotaka. Kashata apimwe kila kitu, gharama atalipa Badria. Kisha apandishwe upya, kwa dume aliyepimwa, wazaliwe watoto ambao hawatapofuka. Na watoto hao wanyweshwe dawa ile ile ya minyoo, kutoka duka lile lile, mbele za watu.

"Na Aristides?" Jovitha aliuliza.

"Aristides atakuwepo. Mimi sili keki ya harusi bila bwana harusi."

Jovitha alicheka mpaka akafuta machozi na taulo la mteja. Aliomba radhi pia, kwa sauti ndogo, na Badria aliipokea radhi hiyo. Haikuwa kwake alikokuwa anapeleka kisasi.

Uchunguzi ulichukua muda mrefu kuliko alivyotarajia, na Badria alihudhuria wote. Alisimama umbali wa hatua mbili, mikono nyuma, huku Daktari Mgeni akimtia Kashata matone ya kutanua mboni na kumulika nyuma ya jicho. Alisimama nje ya chumba wakati wa picha ya nyonga. Aliangalia jinsi daktari alivyosukuma pia ya goti kuona kama inateleza, alivyosikiliza moyo, alivyochungulia yale masikio marefu yanayopenda kuoza kwa unyevu wa Dar. Damu ilipimwa magonjwa ya kupe, na ugonjwa unaowafanya mbwa watupe mimba. Kila kitu kilikuwa kizuri. Ilibaki pamba ya shavuni, iliyosafiri.

Jibu lilikuja kwa simu, saa za mchana, duka limejaa. Kashata alikuwa mbebaji. Yeye mwenyewe hatapofuka maisha yake yote, lakini ugonjwa anao ndani.

Badria alirudi nyuma ya magunia ya pumba, akaliweka wazo lake wazi kwa daktari, kwa sauti ya taratibu sana. Vipi kama wangemrudisha Kashata kwa Baroni? Wazaliwe watoto wengine, wapofuke, na safari hii watu wote wajue tangu mwanzo kwamba walikuwa wanatazama kazi ya Baroni. Kuna ushahidi gani zaidi ya huo?

Daktari Mgeni alimwacha amalize.

"Watapofuka, ndiyo," alisema hatimaye. "Na watakuwa wamekunywa dawa yako, Mama Samir. Watu wataamini karatasi ya maabara, au wataamini macho yao?"

Badria alifikiri. Alimfikiria pia Biskuti na ile ndoo, ingawa hilo hakulisema. Alichosema ni kwamba daktari ana haki, kwamba hasira ilikuwa imetaka kumfanya mjinga, na kwamba hataki Aristides apate hata ushindi mdogo kiasi hicho. Atafutwe dume msafi.

Alipatikana Upanga, kwa mwalimu mstaafu aitwaye Anaeli. Alikuwa pudo wa rangi ya kahawia jina lake Tangawizi, mpole, mwenye magoti imara, na jibu lake la pamba lilikuwa safi kabisa. Daktari alieleza kwamba Kashata na Tangawizi hawawezi kuzaa mtoto wa kupofuka. Baadhi ya watoto watabeba kama mama yao, kwa hiyo wasizalishwe bila kupimwa. Mwalimu Anaeli hakutaka kitu, ila mtoto mmoja wa kumrithi Tangawizi.

Habari ilipofika kwa Humoud, ilifika ikiwa imevimba. Alikuja dukani na kanzu yake ya Ijumaa, akakataa kiti. Alisema amevumilia kopo kwenye kaunta, amevumilia safari za Magomeni, lakini sasa mtaa mzima unasema mjane wa kaka yake anaingia biashara ya mbwa. Thamani ya mbwa ni haramu, hailiwi, alisema. Marehemu angesema nini?

"Nani amekwambia nitauza?"

Humoud alirekebisha kofia yake.

"Mimi najua kama unavyojua wewe kwamba bei ya mbwa haiingii nyumbani kwangu," Badria aliendelea. "Nimeshakubaliana na Jovitha. Hauzwi hata mmoja. Wanatolewa bure. Wa kwanza ni wale waliopofukiwa. Wengine wanakwenda kwa watu wanaosubiri kununua kwa Aristides. Nimewaulizia kimyakimya, mmoja mmoja. Mtu anayekaribia kulipa mshahara wake kwa mbwa asiyepimwa, ukimpa bure mbwa aliyepimwa macho, moyo na nyonga, atakwenda wapi?"

Humoud alikaa kwenye kile kiti alichokikataa. Kisha akasema kwamba siku zote alimhurumia kaka yake kwa mambo fulani, na sasa amejua alikuwa na sababu. Lakini alikuwa anacheka alipoondoka, na jioni alimtuma mtu amletee sahani ya halua.

Aristides ndiye aliyekosea hesabu. Kwake yeye, mtu anayempima mbwa kwa gharama kubwa kiasi kile ni mtu anayejiandaa kuuza ghali. Kwamba yupo mtu wa Kariakoo, mzaliwa wa kaunta, asiyeweza kupokea bei ya mbwa, halikumwingia akilini hata mara moja. Wiki ya nne ya mimba ya Kashata, baada ya altrasaundi kuonyesha watoto watano, labda sita, alikuja dukani mwenyewe, Baroni akiwa kwenye kamba.

Alimwamkia shikamoo kwa heshima zote. Alisema yaliyopita yamepita, yeye ni kijana, vijana hukosea. Alisema biashara ni kubwa na mji ni mkubwa, hakuna haja ya kuumizana.

"Tugawane, mama yangu. Wewe chukua Upanga na Kariakoo, mimi nibaki na Masaki na Mbezi. Tupange bei moja. Tukishindana, wote tunaumia."

"Na ile picha, mwanangu?"

"Ile nitaifuta leo leo."

"Usiifute," Badria alisema upesi. "Iache. Imenipa umaarufu."

Aristides alicheka, kile kicheko cha puani. Badria alikisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango aliousubiri ukifunguka. Wakati huo huo Baroni, kamba ikiwa imelegea, alikuwa anatembea kuelekea nyuma ya duka, ambako taa imeungua na magunia yamezuia mwanga. Alitembea moja kwa moja mpaka akajigonga pua kwenye gunia la pumba. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akajigonga kwenye lile la mashudu.

"Ana haraka huyu," Aristides alisema, akamvuta.

Badria aliyakumbuka maneno ya daktari kuhusu kutoona gizani. Alimpimia Aristides dawa ya kupe, akapokea pesa yake, maana bei ya dawa haina neno. Kisha akamwambia kwamba hilo la kugawana atalifikiria, lakini ana ombi. Watoto wakizaliwa na kufikia umri wa dawa yao ya kwanza ya minyoo, atafanya shughuli ndogo kwenye saluni ya Jovitha. Watu wake wote watakuwepo, na wa Aristides pia. Itakuwa vizuri Aristides aje, na amlete Baroni, watu wamwone dume aliyeanzisha haya yote. Aje jioni kidogo, jua likiwa limeshuka.

Aristides alisema hiyo ni akili ya biashara. Aliahidi kuja na simu yake nzuri, apige picha mwenyewe.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka," Badria alisema, na kwa hilo hakusema uongo.

Alipoondoka, Badria alimpigia Jovitha akamwagiza aondoe taa moja ya saluni siku hiyo, ile ya karibu na mlango, na viti avipange kama vinavyokaa siku za wateja wengi. Jovitha aliuliza kama huo si ukatili kwa mbwa. Badria alifikiri, akakubali kwamba ndoo za maji ziondolewe, na kwamba viti vifungwe taulo miguuni.

Majuma yaliyofuata alizoea kwenda Mchikichini asubuhi, kwenye marundo ya mitumba, kuchagua taulo kuukuu zisizotoa nyuzi. Wauzaji walimuuliza nani anazaa. Alijibu kwamba ni mtu wa nyumbani. Alizifua, akazianika, akazikunja. Aliandaa sanduku la mbao lenye ukingo wa ndani ili mama asimlalie mtoto. Alizoea pia, bila mtu kumwona, kumpapasa Kashata tumboni kwa mkono mkavu, manyoya yakiwa makavu, na kuhisi vitu vidogo vikigeuka ndani. Siku moja Kashata aligeuza kichwa akamlamba. Badria hakuruka. Alikaa kidogo, kisha akainuka akaenda kuosha, mara saba, bila haraka.

Leo, muda mfupi baada ya sala ya alasiri, Jovitha amepiga simu. Kashata amekataa chakula tangu asubuhi, joto la mwili limeshuka, na sasa anachimba taulo kwa kucha kama anayetafuta kitu alichokizika. Daktari Mgeni yupo njiani.

Badria amefunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani wamelitazama kwa mshangao. Humoud, kutoka mlangoni pa duka lake alipopitia hapo, amemuuliza kama ni leo. Amemjibu inshallah. Sasa ameketi kwenye chumba cha nyuma ya saluni, Magomeni, mgongo ukutani, mikono ya baibui imekunjwa hadi viwikoni. Kulia kwake kuna taulo. Kushoto kwake kuna ndoo ya maji safi na lile kopo. Biskuti amekuja akipapasa ukuta, akalala pembeni ya sanduku, masikio yake marefu yameelekea kwa mama yake.

Simu inatetemeka. Ni Aristides, anauliza kama wameshazaliwa, maana wateja wake wanamsumbua na yeye mwenyewe hawezi kungoja.

Badria anaandika kwa kidole kimoja: "Bado, mwanangu. Subiri kidogo tu."

Anaiweka simu chini, anasogea karibu na sanduku. Kashata ameacha kuchimba. Amejikunja, anahema upesi, na ubavu wake umeanza kukaza.